Mlinzi wa Langoni: Habari za Ulinzi wa Nyumba Mjini Nairobi

Mtu atokaye katikati ya mji wa Nairobi jioni, akaelekea magharibi mpaka Westlands, Kileleshwa na Lavington, huona jambo moja likirudiwa mbele yake kama kiitikio cha wimbo: ukuta, geti, kibanda, na mtu amesimama. Juu ya ukuta zimepita nyaya za umeme. Juu ya geti pana kibao kilichoandikwa "Mbwa Kali", maneno ambayo mwalimu wa sarufi angetamani kuyasahihisha, ingawa wezi hawajapata kulalamika. Tumevizoea vitu hivi hata tunadhani vilizaliwa pamoja na mji. Sivyo. Kila kimoja kina mwaka wake na sababu yake, na ajabu ni kwamba sababu ya kwanza haikuwa mwizi.

Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, mahali ambapo Wamaasai walipaita kwa jina la maji baridi. Nchi yenyewe ilikuwa imejigawa. Upande wa magharibi uliinuka, una udongo mwekundu na upepo mzuri. Upande wa mashariki ulikuwa tambarare ya udongo mweusi ushikao maji wakati wa masika. Wakubwa wa reli na wa serikali wakachagua vilima. Wahindi wakakaa Bazaar, na baadaye Ngara na Parklands. Waafrika, ambao jasho lao ndilo lililojenga mji, walisukumwa mashariki, na katika miaka ya 1920 Pumwani ikawa ndiyo makao yao yaliyotambuliwa na serikali. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa Simpson, alikuwa ameshauri kwamba watu wa rangi mbalimbali watengwe katika makazi yao. Hoja yake ilikuwa ugonjwa. Basi msomaji akumbuke mpangilio huu: mpaka ulitangulia, hofu ya mwizi ikaja kuukuta umekwisha kuchorwa.

Nyumba za magharibi wakati huo hazikuwa na kuta ndefu. Zilizungukwa na bustani pana, na ukingoni ulipandwa ua wa kaiyaba, mti uliotoka kusini mwa Afrika, wenye matunda ya manjano yaliyo makali kwa uchachu na miiba mirefu kama sindano za magunia. Ua huo ukishikana vizuri hata mbuzi hapiti. Lakini ua uliolinda zaidi ulikuwa wa karatasi. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu vya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyefikia utu uzima kuchukua kipande, chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha bati alichokining'iniza shingoni. Zaidi ya hayo, Mwafrika aliyeonekana usiku katika mitaa ya Wazungu bila barua ya bwana wake alikuwa mkosaji tayari, hata kama mikono yake ilikuwa mitupu na moyo wake safi.

Sitaki kusema kwamba hapakuwa na wizi. Ulikuwapo. Mahali ambapo sahani za fedha ziko upande mmoja wa ua, na upande wa pili yuko mtu ambaye mshahara wake wa mwezi hautoshi kununua viatu, mwizi hawezi kukosekana. Ninalosema ni kwamba sheria haikumngoja aibe.

Na hapa pana jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha. Mtu yule yule aliyeogopwa nje ya ua ndiye aliyelala ndani yake. Alipika, alifua, alibembeleza watoto, akaitwa "boi" hata kichwa kilipojaa mvi; na usiku mwenziwe alikaa nje na rungu na taa, akilinda. Huyo aliitwa askari. Neno hilo lililetwa na Waarabu kwa maana ya mwanajeshi, likaenea pwani na bara kwa heshima yake; Nairobi likashuka cheo mpaka likakaa langoni. Vijana wa mjini siku hizi husema "soja", neno la Kiingereza lililopita njia ile ile.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, hofu ilizidi kipimo. Wazungu wengi walilala na bastola chini ya mto. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji mzima. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Gunia likitikisa kichwa, mtu amepotea. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini, wengi wao bila kuhukumiwa na mahakama yoyote. Kwa siku hizo mji wote ulikuwa nyumba moja, na kila mwenye ngozi nyeusi alihesabiwa kuwa mwizi mlangoni.

Uhuru ulikuja Desemba 1963. Nyumba za magharibi zikapata wenyewe wapya: mawaziri, mawakili, wafanya biashara. Lakini mpaka haukuondoka pamoja na aliyeuchora. Sheria ya kumkamata mzururaji, mrithi wa sheria za wakoloni, ilifutwa mwaka 1997 tu, miaka 34 baada ya bendera kupandishwa. Wakati huo huo mji ulifura. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilipata wakazi 509,286. Ile ya mwaka 2019 ilipata 4,397,073. Kawangware ikajaa ubavuni mwa Lavington, na Kangemi ikatazamana na Loresho. Katika miaka ya 1970 sheria ilifanya kunyongwa kuwa adhabu ya unyang'anyi wa kutumia nguvu, wala wanyang'anyi hawakwisha. Tarehe 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la kuipindua serikali, maduka ya katikati ya mji yalivunjwa na kuporwa mchana kweupe. Kaiyaba ikang'olewa, mawe yakapanda. Vipande vya chupa vikapachikwa juu yake, kisha seng'enge, kisha umeme.

Je, ukuta umesaidia? Kwa kiasi. Lakini ukuta una tabia zake. Humzuia mwizi kuingia, na akiisha kuingia humficha, maana jirani haoni kitu. Pia ulihamisha hatari kutoka dirishani ikaja getini: wanyang'anyi wakajifunza kumngoja mwenye gari katika dakika ile anapopiga honi ili afunguliwe. Na vyuma vya madirishani, moto ukiwaka, havijui kumtofautisha mwizi na mwenye nyumba. Watu wa miji ya kale ya pwani walijenga kuta nene pia, lakini nje ya mlango waliweka baraza, na barazani palikuwa na macho ya mtaa tangu alasiri mpaka usiku. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, lililoua watu 67, serikali ya Kenya iliwahimiza raia wajuane kwa mpango wa Nyumba Kumi, ambao mfano wake ulikuwapo Tanzania tangu miaka ya 1960. Ni vigumu kujuana juu ya waya wa umeme.

Tumtazame basi mlinzi mwenyewe. Tarehe 7 Agosti 1998, lori lenye bomu lilipofika nyuma ya ubalozi wa Marekani katikati ya Nairobi, walinzi Wakenya waliokuwa kwenye kizuizi, ambao hawakuwa na bunduki, walikataa kulifungulia. Siku hiyo walikufa watu 213, na wenye kujua husema idadi ingekuwa kubwa zaidi kama lori lingeingia chini ya jengo. Ilipita miaka 18 mingine ndipo Bunge likapitisha sheria ya kusimamia kazi ya ulinzi wa watu binafsi, mwaka 2016.

Nilipoanza kazi ya ualimu nilipanga chumba Kawangware. Jirani yangu alikuwa mlinzi Lavington, mwendo wa nusu saa kwa miguu, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Alfajiri moja alirudi akakuta mlango wake umevunjwa: redio, blanketi na sufuria zimekwenda. Mtaani pale hapakuwa na king'ora wala kibanda. Alipompigia simu msimamizi wake kuomba ruhusa ya usiku mmoja, aliambiwa kwamba wezi wa siku hizi hushirikiana na walinzi, naye ajieleze alikuwa wapi. Alikuwa getini. Saa kumi na moja jioni akaufunga mlango kwa waya, akaniomba nitupe jicho, akashika njia ya kazini.