Pembetano Iliyowasubiri Wanafizikia

Kwamba fahali wawili hawakai zizi moja ni jambo lisilohitaji ushahidi Kakamega, hasa Shinyalu na Khayega, ambako mapigano ya fahali huvuta umati. Tuseme wapo fahali watano, kila mmoja akiwa na uhasama na wawili tu. Weka nukta tano kwa duara, unganisha mahasimu kwa mistari, nawe umepata pembetano. Wangapi wataingia zizini bila vurugu? Wawili, watatu hawapatikani, upange utakavyo. Mchoro wa nukta na mistari kama huu wanahisabati huuita grafu, na historia yake huanzia kwa Leonhard Euler na madaraja saba ya Königsberg mwaka 1736. Nadai kwamba grafu hii ndogo imeonyesha, kuliko maelezo marefu ya kifalsafa, mahali hasa fizikia ya kwanta inapoachana na mazoea yetu. Tena jibu lilikuwepo kabla swali halijaulizwa.

Jibu lilitokana na shughuli za mawasiliano. Mwaka 1956 Claude Shannon alitaka kujua ujumbe kiasi gani unaweza kupita katika njia yenye kelele bila kosa hata moja, ikiwa baadhi ya alama huchanganywa na jirani zake. Pembetano, yaani alama tano kila moja ikichanganywa na jirani zake mbili, ikamshinda. Ilikaa hivyo hadi 1979, László Lovász wa Hungaria alipopanga mishale mitano mfano wa mbavu za mwavuli na kupata kipeuo cha pili cha 5, yaani takriban 2.236. Hakuwa akiwaza chembe wala atomu.

Wanafizikia walikuwa na mgogoro wao: je, chembe huwa na majibu yake tayari kabla haijapimwa? Mwaka 1964 John Bell alionyesha kwamba kama majibu yapo, na kama kipimo cha hapa hakigusi cha mbali, basi kulandana kwa chembe zilizotengana kuna kikomo, na kwanta hukivuka. Miaka mitatu baadaye Simon Kochen na Ernst Specker walithibitisha kwamba hata mfumo mmoja hauwezi kupewa majibu yasiyojali umepimwa pamoja na nini. Walihitaji mielekeo 117. Mwaka 1996 Adán Cabello na wenzake walitumia 18 tu, iliyopangwa katika makundi tisa ya minne minne, kila mwelekeo ukiwa katika makundi mawili. Kila kundi lazima litoe "ndiyo" moja, hivyo jumla ni tisa, namba witiri. Lakini kila mwelekeo unahesabiwa mara mbili, hivyo jumla lazima iwe shufwa. Hapo majibu ya tayari yanakufa, bila hesabu ngumu hata moja.

Pembetano ilirudi mwaka 2008, kutoka Chuo Kikuu cha Bilkent, Ankara. Alexander Klyachko na wenzake walichukua vipimo vitano, jirani wakiweza kupimwa pamoja lakini kamwe wasijibu "ndiyo" wote wawili. Kwa majibu ya tayari, jumla ya "ndiyo" haizidi 2, kama fahali wetu. Kwanta hufika kipeuo cha pili cha 5, kwa mishale ileile ya Lovász, na mwaka 2011 jaribio la fotoni lililofanyika Vienna lilivuka 2. Kisha Cabello, Simone Severini na Andreas Winter, katika kazi iliyochapishwa 2014, wakaonyesha kwamba haikuwa bahati: kwa grafu yoyote ya aina hii, namba inayotolewa na njia ya Lovász, iitwayo namba ya Lovász, ndiyo kikomo cha kwanta.

Mpinzani atasema grafu ni picha tu. Lakini picha tupu haitabiri namba ambayo maabara huipima. Pingamizi zito zaidi ni kwamba katika majaribio ya Bell, yenye wapimaji waliotengana, namba ya Lovász wakati mwingine huzidi kile ambacho kwanta hutoa kweli. Hilo ni sahihi, na ndiyo sababu baadaye mistari ilitenganishwa kwa rangi, kila mpimaji na yake. Chombo kilinolewa, hakikutupwa.

Lipo na pingamizi la hapa nyumbani: haya ni ya wenye maabara ghali, si ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha hapa Kakamega. Sikubali. Hoja ya mielekeo 18 inaenea ukurasa mmoja wa daftari, na kazi iliyobaki ni ya aina hiyo. Kila kipimo cha pembetano kikipewa nafasi ya nusu ya kujibu "ndiyo", jumla ni 2.5 na hakuna jirani waliogongana. Kwa nini basi maumbile huishia 2.236? Mwaka 2013 Cabello alionyesha kwamba pembetano mbili huru zikichukuliwa pamoja, sheria hiyohiyo ya kutogongana inarudisha kikomo hadi 2.236 kamili. Iwapo sheria hiyo peke yake inatosha kwa kila grafu, hapo ndipo mjadala ulipo.