Bonde la Wainka: Mawe na Lugha

Mgeni aliyefikia Cuzco, nchini Peru, huweza kulizuru Bonde Takatifu la Wainka kwa siku moja akiwa na mwongozaji. Asubuhi huonyeshwa matuta ya kilimo ya Pisac. Mchana hupanda ngome ya Ollantaytambo, ambako Manco Inca aliwarudisha nyuma Wahispania katika vita vilivyoanza mwaka 1536. Jioni hufika Chinchero, ambako kanisa la wakoloni limesimama juu ya kuta za jumba la mfalme Túpac Inca Yupanqui.

Habari nyingi anazopewa ni za mawe. Lakini wafumaji wa vijijini husemezana kwa Kikechua, lugha ya dola ya Wainka. Mmisionari Domingo de Santo Tomás alichapisha sarufi ya lugha hiyo mwaka 1560. Baada ya uasi wa Túpac Amaru II wa mwaka 1780, watawala waliamuru wenyeji waiache, waseme Kihispania. Mwaka 1975 Peru iliifanya lugha rasmi. Hata hivyo, wazazi wengi wameendelea kuwalea watoto kwa Kihispania.

Hapo ndipo penye funzo kwetu walimu wa lugha. Amri ya kuikataza haikuiua Kikechua, wala sheria ya kuitambua haitoshi kuikuza. Uhai wake umo vinywani mwa watoto.