Hatamu Pasipo Farasi: Neno na Historia Kusini mwa Maniema

Katika Kiswahili sanifu neno hatamu lina maisha mawili. Maana yake ya awali ni kamba ya kumwongozea mnyama apandwaye. Ya pili, ambayo leo ndiyo isikikayo zaidi, ni mamlaka. Nchini Tanzania usemi wa chama kushika hatamu ulivuma baada ya marekebisho ya katiba ya mwaka 1975, yaliyoipa TANU ukuu juu ya vyombo vya dola, na wengi walioutamka hawakupata kumpanda farasi hata siku moja. Neno lenyewe ni la Kiarabu. Huko lilihusu kamba ifungwayo puani mwa ngamia. Kando yake pwani ina lijamu, kile chuma cha kinywani, na kigwe, neno la Kibantu lenye nasaba moja na ugwe. Unguja ilizihitaji tofauti hizo, kwani watoto wa Sayyid Said walifundishwa kupanda farasi, na punda weupe wa Maskati walikuwa fahari ya waungwana. Kasongo na Kabambare hazikuzihitaji.

Sababu kubwa ni mbung'o, ambaye David Bruce alimthibitisha mwaka 1895, huko Zululand, kuwa ndiye aenezaye nagana, maradhi yanayoua farasi na ng'ombe. Stanley alipopita Manyema mwaka 1876 aliandika kwamba punda wake walikuwa wa kwanza kuonekana katika nchi ile. Watu walikimbia kwa mamia kuwatazama, wakawastaajabia kuliko walivyowastaajabia Wazungu wenyewe. (Hili la mwisho Stanley, mtu asiyejinyima sifa, amelikiri bila kinyongo.)

Pasipo mnyama wa mizigo, pembe za ndovu zilitoka Maniema vichwani na mabegani mwa watu. Kabambare ilikuwa kituo katika njia ya kutoka Kasongo na Nyangwe kwenda Ziwa Tanganyika. Hapo, mahali alipopaita Bambarre, Livingstone alikaa miezi mingi kati ya 1869 na 1871 akiuguza vidonda vya miguu. Katika njia hiyohiyo kilipita chombo ambacho kwa kazi yake kilikuwa ndugu wa hatamu: kongwa, mti wenye panda uliofungwa shingoni mwa mtumwa. Lililofanywa kwingine kwa mnyama, huku lilifanywa kwa binadamu. Kwa hiyo si sahihi kusema, kama isemwavyo pengine, kwamba Kingwana ni lugha maskini kwa kuwa haikurithi msamiati wa farasi. Lugha haina deni la jina kwa kitu ambacho wasemaji wake hawakukiona. Na mambo ya kuongozwa kwa nguvu wasemaji wa Kingwana waliyajua mno.

Utawala wenyewe ulisemwa kwa lugha nyingine. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, anasimulia katika Maisha yake, yaliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1902 na 1903, jinsi alivyojidai kuwa na udugu na Kasongo Rushie wa Utetera hata akakabidhiwa nchi. Hapo hakuna mpanda farasi wala kamba: kuna ukoo, na nyuma ya ukoo kuna bunduki. Mwaka 1887 Dola Huru ya Kongo ilimfanya liwali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na mwanawe Sefu akabaki mkuu wa Kasongo mpaka mji ulipotekwa na majeshi ya Dhanis tarehe 22 Aprili 1893. Enzi ilibadili mikono. Mzigo haukubadili kichwa. Maneno yaliyobaki ni ya vyeo, kama vile sultani na nyampara.

Hatamu kwa maana ya mamlaka ni neno la vitabuni na redioni, na msomi wa Kasongo analielewa haraka kwa kuwa Kifaransa alichofundishwa shuleni nacho husema juu ya kushika kamba za farasi wa utawala. Amelipokea basi kupitia milango miwili, wa mashariki na wa Ulaya, na katika yote miwili lilimfikia likiwa tayari limekwisha kumpoteza mnyama wake.