Usione Vyaelea, Vimeundwa: Waliotetea Mji na Bahari ya Amu



Mji wetu umetoka baharini. Kuta zake ni mawe ya matumbawe, dari ni boriti za mikoko, na lipu ni chokaa iliyochomwa. Ndiyo maana kila aliyeutetea mji wa Amu alijikuta akiitetea bahari pia, pamoja na mikoko, kasa na nguva wake.

Kazi hiyo ni ya miaka mingi. Ngome, iliyokuwa gereza hadi 1984, ilikabidhiwa Makavazi ya Taifa. Mwaka 1986 mji wa kale ukawekwa chini ya ulinzi wa sheria, na mwaka 2001 UNESCO ikautia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini orodha haizibi paa linalovuja. Hilo limebaki kwa wenyeji na mafundi wao.

Mtihani mkubwa ulikuja na bandari mpya na mpango wa kituo cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, huko Kwasasi. Wavuvi walikwenda mahakamani mwaka 2012. Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi zaidi ya 4,000 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari. Wenzetu wa Save Lamu nao walipinga leseni ya kituo cha makaa, wakisema wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni hiyo.

Hata hivyo, tusilale. Kasa bado hunaswa nyavuni, na nguva wamekuwa adimu mno. Nyumba za kale zinaporomoka, na mafundi wa chokaa wanazeeka. Fundi asiyejua hupaka saruji. Unyevu hukwama ndani ya ukuta wa matumbawe, na jiwe likaanza kumomonyoka.

Harambee ya mwaka huu ina shabaha mbili: kuwalipia vijana wajifunze kazi ya chokaa na nakshi kwa wazee wetu, na kuwasaidia wanaolinda viota vya kasa ufuoni. Waliotutangulia walitoa muda wao, nauli zao na usingizi wao. Sisi tunaombwa mchango tu. Haba na haba hujaza kibaba. Tutoe, Amu isimame.