Kuku wa Johannesburg na Fatwa ya Transvaal

Anayenunua kuku wa halali pale Fordsburg ana suali moja linalomkereketa: huyu kuku kama alipigwa umeme kabla ya kisu, je, kisu kilimkuta hai? Wengi hudhani suali hili limekuja na viwanda. Hapana. Huko huko Transvaal lilikwishaulizwa, ila wakati ule lilikuwa la shoka.

Mwaka 1903 Muislamu mmoja wa Transvaal alimpelekea Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Abduh, masuali matatu: kuvaa kofia za Kizungu, Mshafii kusali nyuma ya Mhanafi, na kula nyama ya Manasara wanaompiga ng'ombe shoka ndipo wamchinje, tena bila ya bismillahi. Abduh akajibu kuwa yote yanajuzu, maana chakula cha Watu wa Kitabu ni halali. Magazeti ya Cairo yakamvamia. Rashid Rida akamtetea katika jarida la Al-Manar, ambalo fikra zake baadaye zilifika Mombasa kwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Sasa shoka limeondoka, umeme umeshika pahala pake. Kuku huning'inizwa miguu juu, kichwa kikatumbukia katika maji yenye umeme. Umeme wa frikwensi ndogo, kama hezi 50 za majumbani, ukiwa na nguvu husimamisha moyo. Basi kuku keshakuwa kibudu kabla ya kisu. Frikwensi kubwa kwa kawaida huuacha moyo ukidunda, na kuku asipochinjwa huzindukana.

Nyama nayo ina kauli yake. Umeme mkali huvunja mifupa na kuacha madoa ya damu kifuani. Asiyepigwa umeme naye hupapatika, akavunjika mbawa. Huku Ulaya, kwa kumhurumia kuku, kanuni namba 1099 ya 2009 inataka angalau miliampea 100 kwa frikwensi chini ya hezi 200. Kiasi hicho wengi hufa papo hapo.

Kwa hiyo anayeitoa fatwa ya Transvaal kuhalalisha umeme, naona anaitwika mzigo usio wake. Abduh aliulizwa zaidi habari ya mchinjaji na dini yake. Leo mchinjaji ni Muislamu na bismillahi kaisoma. Shaka imehamia kwenye moyo wa kuku. Hilo halimalizwi na karatasi ya cheti ukutani. Dawa yake ni msimamizi pale machinjioni: awatoe kuku kadhaa kwenye mnyororo kabla ya kisu, angoje, aone kama watainuka.