Mzee wa Taipureta

Stephen J. Cannell alifariki nyumbani kwake Pasadena, California, tarehe 30 Septemba 2010, kwa saratani ya ngozi. Alikuwa na umri wa miaka 69. Magazeti ya Marekani yalimtaja kama mtayarishaji aliyebuni, peke yake au na wenzake, tamthilia za televisheni zipatazo 40, zikiwemo The Rockford Files, The A-Team, 21 Jump Street na Renegade. Kwetu Tanga habari ilifika kwa ujumbe wa simu, na jina lake halikuwamo. Rafiki yangu aliandika tu: "Yule mzee wa taipureta wa kwenye A-Team kafa." Nikamjua papo hapo. Niliowapelekea ujumbe ule nao wakamjua, na hakuna aliyeuliza mzee yupi.

Hilo si la kawaida. Mtoto hulilia steringi. Jina la mtayarishaji hupita mwishoni, maandishi madogo juu ya giza, watu wakiwa wameshainuka wanatafuta ndara. Cannell yeye alitia saini kwa picha. Kila kipindi chake kikiisha, unamwona mwenyewe mezani, ndevu zimechongwa vizuri, vidole viko kazini. Anachomoa karatasi kwenye taipureta, anairusha hewani, inapepea, inajikunja na kuwa herufi C. Basi, ni sekunde chache.

Nilikuwa kijana wa banda la video Ngamiani mwishoni mwa miaka ya 80. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70. Sisi tulikuwa na deki. Kazi yangu ilikuwa kupokea kiingilio, kufuta hedi za deki kwa spiriti picha ikianza kuchirizika, na kurudisha mikanda nyuma. Mikanda yenyewe ilitoka kwa mabaharia na kwa jamaa wa Muscat na Dubai, imerekodiwa moja kwa moja kutoka kwenye televisheni za huko, na maandishi ya Kiarabu chini. Maneno ya A-Team yalikuwa ya Kiingereza, maandishi ni Kiarabu, na watazamaji wangu ni watoto wa Kidigo, Kibondei na Kisambaa. Walifuata kile ambacho macho yaliwapa. Watu wazima walitoka mapema, lakini watoto walibaki benchini wakingoja ile karatasi. Nikizima kabla haijaruka, nilizomewa.

The A-Team, ambayo Cannell aliibuni pamoja na Frank Lupo, ilianza kurushwa na NBC mwezi Januari 1983. Ni habari za wanajeshi waliopigana Vietnam, wakahukumiwa kwa kosa ambalo hawakulitenda, wakatoroka, na sasa wanaishi kwa kuwasaidia wanyonge. Wana gari jeusi la GMC lenye mstari mwekundu, na wana Mista T mwenye minyororo ya dhahabu shingoni. Kila mara adui anafanya upuuzi uleule: anawafungia kwenye ghala lenye mabati, mitungi ya gesi na mashine ya kuchomelea. Cheche zinaruka, nyundo inagonga, na mlango unapasuliwa na gari la deraya lililotengenezwa kwa vyuma chakavu. Watoto wa Ngamiani, waliokua katikati ya magereji na mafundi wa kuchomelea, hawakuhitaji mkalimani hapo. Hata walibishana iwapo bati lile lingezuia risasi.

Risasi zenyewe zilimwagika kwa maelfu na karibu hafi mtu. Gari linapaa, linabiruka mara mbili, linatua kwa paa, na maadui wanatoka dirishani wakijipangusa vumbi. Marekani wakosoaji waliilaumu kwa vurugu, maana ilirushwa Jumanne saa mbili usiku, watoto wako macho. Mimi naona mtayarishaji alikuwa anawafikiria watoto haohao: aliwapa kishindo chote akawanyima maiti.

Lililonishangaza nilipokuja kusoma habari zake ni kwamba mtu yule aliyejionyesha kwa ulimwengu mzima akichapa hakuweza kuandika maneno bila makosa. Alikuwa na disleksia. Shuleni alirudishwa madarasa matatu, akaonekana mzito wa kichwa, na hali yake haikujulikana jina mpaka alipokuwa mtu mzima mwenye watoto. Chuo Kikuu cha Oregon alimkuta mwalimu, mshairi Ralph Salisbury, aliyeacha kuhesabu makosa ya tahajia akasoma kilichokuwa kinasimuliwa. Akatoka hapo akafanya kazi mchana kwenye biashara ya fanicha ya baba yake, usiku akiandika, miaka kadhaa, hadi akauza hadithi yake ya kwanza Hollywood mwishoni mwa miaka ya 60. Tangu hapo alichapa kila alfajiri, na msaidizi akasafisha tahajia. Aliandika vipindi zaidi ya 450.

Saini ile ilikuwa pia hati ya umiliki. Mwaka 1970 serikali ya Marekani iliweka kanuni za kuzuia mashirika makubwa ya televisheni kuhodhi mauzo ya marudio ya tamthilia. Mtayarishaji wa nje akapata mwanya: akivumilia kutengeneza kwa hasara mwanzoni, baadaye anauza marudio nyumbani na ng'ambo, na faida ni yake. Cannell alianzisha kampuni yake mwaka 1979 kwa hesabu hiyo. Gharama zilipopanda alihamishia kazi nyingi Vancouver, Kanada, na akashiriki kujenga studio kubwa huko. Kanuni zile zilifutwa katikati ya miaka ya 90. Mwaka 1995 akauza kampuni, akageukia riwaya za upelelezi.

Huko kwao walimuaga kwa namna iliyomfaa. Alikuwa akionekana mara mojamoja kwenye tamthilia ya Castle, akicheza karata na waandishi wenzake kwa jina lake halisi. Alipofariki kiti chake kikaachwa wazi mezani. Sisi hatukuweka matanga. Tulikutana kibarazani, wazee wa banda la zamani, tukabishana kipindi kipi kilikuwa kikali zaidi, na mmoja akasimama akachomoa karatasi ya hewani akairusha. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini.

Kwa msiba ule nilielewa kwamba mtu hulilia anayemtambua. Cannell alitufikia watu ambao tusingeweza kusoma jina lake, kwa sababu aliona haya kidogo kuliko watayarishaji wengine na akakaa mwenyewe mbele ya kamera. Siku hizi vipindi vikiisha kwenye intaneti, orodha ya walioifanya kazi inaminywa kwenye pembe na kipindi kingine kinaanza. Wajukuu wangu wanakesha na katuni ambazo hawawezi kunitajia mtu hata mmoja aliyezitengeneza. Mafundi hao nao watakufa, na watoto waliolelewa nao watakula chakula cha jioni kama kawaida. Anayetengeneza vipindi vya watoto leo, Dar es Salaam au Nairobi, nampa ushauri wa mtu aliyekuwa akirudisha mikanda: kaa mbele ya kamera sekunde tano, ufanye kazi yako, watoto wakuone.