Bakteria sugu katika damu: ugonjwa unaompata mgonjwa akiwa kitandani hospitalini

Mtu hulazwa hospitalini kwa sababu ya mguu uliovunjika, upasuaji wa tumbo au figo zilizoshindwa kufanya kazi. Siku ya nne au ya tano, wakati ndugu zake wameanza kuulizana ataruhusiwa lini kurudi nyumbani, homa inapanda ghafla. Anatetemeka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio na shinikizo la damu linashuka. Ugonjwa huu mpya hakuja nao kutoka nyumbani. Ameupata wodini.

Hali hiyo huitwa maambukizi ya damu, yaani bakteria kuingia na kuzaliana katika mkondo wa damu. Mwili ukipambana nao kwa namna inayoharibu viungo vyake wenyewe, kama figo, mapafu na ubongo, hali hufikia hatua inayojulikana kama sepsisi. Kwa kawaida madaktari huhesabu kuwa maambukizi yamepatikana hospitalini iwapo dalili zimejitokeza baada ya saa 48 tangu mgonjwa alazwe.

Maambukizi ya damu si jambo geni. Kilichobadilika ni kwamba bakteria wengi wanaoyasababisha hawauawi tena na dawa ambazo kwa miaka mingi zilitegemewa. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2022 ulikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na usugu wa bakteria dhidi ya dawa, na kwamba usugu huo ulihusishwa na vifo milioni 4.95 kwa jumla. Eneo lililoumizwa zaidi, kwa kulinganisha na idadi ya watu, lilikuwa Afrika kusini mwa Sahara.

Watoto wa Muhimbili

Moja ya tafiti zilizofungua macho ya wataalamu ilifanyika Dar es Salaam. Kuanzia Agosti 2001 hadi Agosti 2002, watafiti walifuatilia watoto 1,828 wenye umri usiozidi miaka saba waliolazwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili wakiwa na dalili za maambukizi makali. Damu ya kila mtoto ilioteshwa maabara. Watoto 255, sawa na asilimia 13.9, walithibitika kuwa na maambukizi ya damu.

Zaidi ya theluthi moja ya watoto hao, asilimia 34.9, walifariki dunia. Lakini takwimu iliyowashtua wengi ilikuwa nyingine. Miongoni mwa walioambukizwa bakteria wa kundi la Gram hasi, walikufa asilimia 43.5. Waliokuwa na malaria walikufa asilimia 20.2. Kwa maneno mengine, katika jiji ambalo kila homa ya mtoto ilizoeleka kuitwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, kulikuwa na ugonjwa mwingine unaoua kwa kiwango kinachozidi maradufu, na haukuweza kuonekana kwa tone la damu lililowekwa kwenye kioo cha hadubini.

Bakteria wa Gram hasi ni wale ambao, wakipakwa rangi ya zambarau kwa njia iliyobuniwa na daktari wa Denmark Hans Christian Gram mwaka 1884, hawaishiki. Wana utando wa ziada wa nje unaozuia dawa nyingi kupenya. Katika kundi hilo wamo Klebsiella, E. coli, Salmonella, Acinetobacter na Pseudomonas.

Watafiti walipopima kilichoongeza uwezekano wa mtoto kufa, walikuta virusi vya Ukimwi na utapiamlo, mambo yaliyotarajiwa. Walikuta pia kwamba kupewa dawa ambayo bakteria wake alikuwa sugu kwayo kulikuwa sababu inayojitegemea. Taarifa nyingine ya uchunguzi huohuo, iliyotolewa mwaka 2005, iliangalia bakteria wenye kimeng'enya kinachovunja dawa za jamii ya seftriaksoni. Watoto walioambukizwa bakteria hao walikufa asilimia 71, ikilinganishwa na asilimia 39 ya walioambukizwa bakteria wa Gram hasi wasio na kimeng'enya hicho. Hapa hakuna haja ya maelezo mengi. Mtoto alitibiwa, dawa iliingia mwilini, na haikufanya kazi.

Kilifi na Blantyre

Kaskazini zaidi katika pwani hiyohiyo, hospitali ya Kilifi nchini Kenya ina rekodi ambazo hospitali nyingi za Afrika hazina, kwa sababu watoto wanaolazwa huoteshwa damu kama utaratibu wa kawaida. Uchambuzi wa zaidi ya watoto 33,000 waliolazwa kati ya 2002 na 2009 ulionyesha kuwa walioambukizwa damu wakiwa hospitalini walikuwa wachache, takriban sita katika kila 1,000. Hata hivyo, zaidi ya nusu yao, asilimia 53, walifariki dunia. Kwa watoto waliofika tayari wakiwa na bakteria katika damu vifo vilikuwa asilimia 24, na kwa wasiokuwa na maambukizi ya damu asilimia 6. Aliyeongoza kwa maambukizi ya wodini alikuwa Klebsiella.

Kasi ya mabadiliko inaonekana vizuri zaidi Blantyre, Malawi, ambako hospitali ya rufaa ya Queen Elizabeth ilitunza majibu ya damu iliyooteshwa tangu 1998 hadi 2016. Mwaka 2003, asilimia 11.8 ya Klebsiella walikuwa sugu kwa dawa za kundi la seftriaksoni. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 90.5. Seftriaksoni si dawa ya anasa. Ni sindano ambayo hospitali nyingi za ukanda huu huikimbilia mgonjwa anapozidiwa, na ikishindwa, zinazofuata ni chache na ghali.

Jinsi dawa inavyoshindwa

Watu wengi hudhani kuwa mwili wa binadamu ndio "unaozoea" dawa. Sivyo. Anayebadilika ni bakteria. Katika mazingira mazuri E. coli mmoja hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, na kwa kasi hiyo baada ya saa nane wazao wake wangepita milioni 16. Katika umati huo, makosa madogo ya kunakili vinasaba hayakosekani. Dawa ikiingia, huwaua wanyonge na kumwachia uwanja yule aliyebahatika kuwa na kosa linalomkinga.

Kinga yenyewe ni ya namna mbalimbali. Wapo wanaoziba vitundu vya utando ili dawa isipenye, na wapo wanaoitoa nje kama mtu anayetoa maji kwenye mtumbwi unaovuja. Staphylococcus aureus sugu kwa methisilini, maarufu kwa kifupisho cha MRSA, alibadili protini ambayo dawa ilikuwa inaishika. Aligunduliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda mfupi tu baada ya methisilini kuanza kutumika mwaka 1959.

Linalosumbua zaidi hospitalini ni vimeng'enya. Klebsiella na jamaa zake hubeba maelekezo ya kuvitengeneza kwenye viduara vidogo vya vinasaba viitwavyo plasmidi, na plasmidi hupitishwa kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa aina tofauti. Kiduara kimoja kinaweza kubeba usugu wa dawa tano au sita kwa pamoja, ndiyo maana matumizi ya dawa moja huweza kuongeza usugu dhidi ya nyingine ambayo mgonjwa hakuwahi kuigusa.

Mwaka 2008 mgonjwa mmoja nchini Sweden, aliyekuwa amelazwa New Delhi, alikutwa na Klebsiella mwenye kimeng'enya kipya kinachovunja hata kabapenemu, kundi lililohifadhiwa kwa hali mbaya kabisa. Kilipewa jina la NDM-1. Kufikia mwaka 2011 kilikuwa kimeripotiwa Nairobi. Baada ya kabapenemu, madaktari hulazimika kurudi kwa kolistini, dawa ya mwishoni mwa miaka ya 1940 iliyokuwa imewekwa kando kwa sababu inaumiza figo. Mnamo Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza plasmidi yenye usugu wa kolistini pia.

Milango ya kuingilia

Damu ya mtu mzima wa afya haina bakteria wanaozaliana ndani yake. Ili waingie inahitajika njia, na hospitali, kwa kutaka kusaidia, hufungua njia nyingi. Mrija wa dripu hutoboa ngozi. Mrija wa mkojo hupita mahali ambapo mkojo ulikuwa unasafisha. Mashine ya kupumulia huingia kooni. Mgonjwa wa saratani anayepewa dawa kali hupoteza chembechembe nyeupe, na bakteria wa utumbo wake mwenyewe huvuka ukuta dhaifu na kuingia katika damu.

Walio hatarini kuliko wote ni watoto wachanga, hasa njiti. Ngozi yao ni nyembamba, kinga yao haijakomaa, na katika wodi zenye msongamano hulazwa wawili au watatu katika kitanda kimoja. Klebsiella huweza kuhamia kwa mikono ya wauguzi, beseni, mirija ya kunyonyea makamasi au chupa moja ya dawa inayochomwa sindano mara nyingi. Wazazi wafahamu kuwa kichanga mwenye maambukizi ya damu si lazima apate homa. Anaweza kuwa wa baridi, mlegevu, akakataa kunyonya au akapumua kwa shida.

Kumjua adui

Kipimo cha kuotesha damu ndicho njia ya kumjua bakteria kwa jina na kujua dawa inayomuua. Damu huchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza ya dawa, kwa mtu mzima mililita nane hadi kumi kwa kila chupa, baada ya ngozi kusafishwa vizuri. Ikichukuliwa kwa haraka, bakteria wa ngozi huingia kwenye chupa na mgonjwa hutibiwa ugonjwa asio nao. Majibu ya awali huhitaji siku moja au mbili, na ya usugu siku nyingine. Mgonjwa wa sepsisi hawezi kusubiri, hivyo daktari huanza na dawa anayokisia. Akiwa katika hospitali inayotunza takwimu zake, anakisia kwa msingi. Asipokuwa nazo, anabahatisha, na mgonjwa asiye na majibu huachiwa dawa kali kwa siku nyingi kwa sababu hakuna anayethubutu kuipunguza.

Kinachowezekana

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya maambukizi haya huzuilika bila dawa mpya. Katika jimbo la Michigan, Marekani, vyumba 103 vya wagonjwa mahututi vilianza kufuata mambo machache wakati wa kuweka mirija mikubwa ya mishipa: kunawa mikono, kuvaa mavazi kamili ya kujikinga, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka mshipa wa kinena na kuutoa mrija usiohitajika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Kiwango cha wastani kilishuka kutoka maambukizi 7.7 kwa kila siku 1,000 za mrija hadi 1.4 katika muda wa mwaka mmoja na nusu. Muuguzi aliruhusiwa kumsimamisha daktari aliyeruka hatua, na yawezekana hilo lilikuwa gumu kuliko kununua klorheksidini.

Uingereza iliyalazimisha mahospitali kutoa taarifa za MRSA katika damu kuanzia 2001, na mwaka 2004 ikaweka lengo la kupunguza visa hivyo kwa nusu. Kutoka zaidi ya 7,000 kwa mwaka, vilishuka chini ya 3,000 kufikia 2008/09.

Hospitali isiyo na maji ya uhakika haiwezi kuiga hayo yote, lakini kitakasa mikono chenye pombe huweza kutengenezwa na famasia yake yenyewe kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Shirika hilo pia liliyagawa madawa mwaka 2017 katika makundi matatu: ya kutumika kwanza, ya kuangaliwa na ya akiba. Mwaka 2024 mataifa yaliyokutana katika Umoja wa Mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya viuavijasumu vinavyotumiwa na binadamu duniani vitoke katika kundi la kwanza. Tanzania na Kenya zilikuwa na mipango ya kitaifa ya kudhibiti usugu tangu 2017.

Nje ya hospitali, usugu hulishwa na vidonge viwili vitatu vinavyonunuliwa kwa mafua, ugonjwa wa virusi usiotibika kwa viuavijasumu hata kidogo. Bakteria wa utumboni walionusurika na vidonge hivyo ndio ambao mtu huyohuyo huenda nao wodini siku ya kulazwa.

Ndugu anayemuuguza mgonjwa anaweza kunawa mikono anapofika na anapoondoka, na asikae juu ya kitanda cha mgonjwa wa jirani. Anaweza pia kuuliza kila asubuhi, kwa heshima, iwapo mrija wa dripu au wa mkojo bado unahitajika. Mgonjwa anayekunywa na kula mwenyewe mara nyingi hauhitaji tena, na mahali ulipochomwa pakiwa pekundu, pakiuma au pakitoa usaha, muuguzi aambiwe siku hiyohiyo.